Hisa 6 Kati ya 288: siku nane na hati kongwe ya nyumba ya Mji Mkongwe

Mkobani mna karatasi mbili. Ya kwanza ni hati ya Kiarabu ya mwezi wa Shaaban 1310 Hijria, ya bei ya khiyari ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja. Ya pili ni ya 1345, ya kuuziana hisa za nyumba hiyohiyo. Hati hizi ni za mfano: majina hayamo, na yaliyomo yamekusanywa kutokana na mambo yanayojirudia katika hati nyingi za aina hii, ili mwenye mkoba wake nyumbani aweze kwenda nasi siku kwa siku.

Siku ya 1, Jumamosi. Mezani

Hati isifunguliwe kwa pupa. Karatasi iliyokaa imekunjwa kwa zaidi ya miaka 100 nyuzi zake zimeshakatika kwenye mikunjo, na mkunjo ukivutwa huchanika palepale, mara nyingi juu ya jina au tarakimu, kwa sababu waandishi wa zamani walijaza karatasi na hawakuacha nafasi. Tandika kitambaa cha bafta kilichofuliwa na kukauka vizuri, zima feni, fungua mkunjo mmoja, uiache karatasi nusu saa izoee hewa, ndipo uende wa pili. Ikikataa, iache. Piga picha ya pale panapoonekana na usubiri siku nyingine.

Vitu viwili vimeharibu hati za familia kuliko mchwa: selotepu na laminesheni. Gundi ya selotepu huingia kwenye karatasi, ikageuka rangi ya chai, na baada ya miaka michache hubandua maandishi ikitoka. Laminesheni ni mbaya zaidi kwa sababu hairudi nyuma: karatasi imeshapikwa ndani ya plastiki, na hakuna tena anayeweza kuikagua. Maji nayo ni adui. Wino wa masizi na gundi umekaa juu ya karatasi, haukuzama, na kidole chenye jasho kinatosha kuondoka na nukta mbili. Katika maandishi ya Kiarabu nukta mbili ndizo tofauti ya jina na jina.

Picha zinatakiwa za namna tatu kwa kila upande: moja ya karatasi nzima ikiwa na rula pembeni, nne za robo robo zinazopandana kiasi cha vidole viwili, na moja ya gizani, tochi ikiwa imelazwa pembeni karibu na meza. Hiyo ya tochi huonyesha mikwaruzo, muhuri usio na wino na mahali palipofutwa. Kisha inyanyue hati kwa ncha mbili mbele ya dirisha utazame alama ya maji ya kiwanda cha karatasi. Ukikuta humo mwaka ulio mbele ya tarehe ya hati, usikimbilie kusema ni ya kughushi. Mara nyingi ni nakala iliyoandikwa upya kwa sababu ya kwanza ilichakaa.

Mgongo wa hati upigwe picha kwa uangalifu uleule wa mbele. Wengi hawaupigi kabisa, na hilo ndilo kosa kubwa la siku hii. Mgongoni mwa hati yetu mna maandishi manne madogo kwa mikono tofauti, namba mbili za penseli na muhuri wa ofisi uliofifia. Leo hatuyasomi. Tunaandika tu kwamba yapo, na yako wapi.

Siku ya 2, Jumapili. Kusoma

Hati ya 1310 ni ya Kiarabu, lakini majina ya mitaa na ya watu wengi ni ya Kiswahili, na herufi za Kiarabu hazina p, v, ch wala g yetu. Mwandishi alijitafutia njia: p akaiandika kwa b, v kwa f, g na ng kwa ghaini, na mb ikabaki b peke yake. O na u zinagawana herufi moja, e na i vilevile. Kiponda unaweza kuusoma Kibunda, Vuga ukaisoma Fugha, Shangani ikawa Shaghani. Anayejua Kiarabu tu bila kuijua Unguja atatoa tafsiri safi yenye mitaa isiyokuwepo duniani. Kwa hiyo wasomaji wawe wawili: wa lugha na wa mji.

Usianze juu kwenda chini. Baada ya Bismillahi tafuta neno akarra, yaani amekiri. Anayefuata hapo ndiye muuzaji, naye ndiye anayesema hati nzima. Kisha huja anayeuziwa, kinachouzwa, mipaka minne, bei, masharti, mashahidi, tarehe, na mwishoni mwandishi anayesema ameandika kwa mkono wake. Ukishayaweka mafungu hayo, neno usilolisoma unalijua walau ni la aina gani.

Majina yana mitego miwili. Wa kwanza ni wa kumwita mjukuu jina la babu. Salim bin Said bin Salim yuko kila baada ya vizazi viwili, na familia nyingi zimewaunganisha watu wawili wakawa mmoja aliyeishi miaka 110. Dawa yake ni kuandika majina matatu kila mara pamoja na mwaka wa hati, hata kama inachosha. Wa pili ni nisba. Al-Harthi, Al-Barwani, Al-Mauli na nyinginezo huonyesha kabila la mtu, lakini waliopewa uhuru nao walichukua nisba za mabwana wao. Nisba peke yake haithibitishi damu.

Hapa kuna neno la kutulia nalo: khadim. Wafasiri wa haraka huandika mtumishi na kupita. Katika karatasi za Unguja za wakati huo, khadim wa fulani ni mtu aliyefungamana na nyumba ya fulani kwa utumwa, na mara nyingi ni huru tayari. Majina ya heri na ya vito, Mabruki, Feruzi, Marjani, Almasi, huambatana sana na neno hilo, ingawa jina pekee si ushahidi. Acha neno kama lilivyo katika tafsiri yako. Ukilibadili, umemfuta mtu.

Tarehe: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. 1310 inatoa 1892.7, na mwaka huo kweli ulianza mwishoni mwa Julai 1892. Shaaban yake inaangukia Februari na Machi 1893. Siku yenyewe inaweza kupishana kwa moja au mbili kwa sababu ya mwandamo, kwa hiyo usigombane na mtu kwa siku moja. Kujua wakati kunasaidia zaidi. Sultani Ali bin Said alifariki Machi 1893 na Hamad bin Thuwaini akakalia kiti. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890, na utumwa ulikuwa bado wa halali, kwani amri ya kuuondoa ilitoka Aprili 1897. Khadim wa 1893 si sawa na khadim wa 1903.

Tarakimu zinahitaji jicho. Tano ya Kiarabu ni kiduara kama sifuri yetu, sifuri ni nukta, sita inafanana na 7 yetu, saba na nane ni pembe ileile moja ikitazama juu na nyingine chini. Ndiyo maana hati nyingine hutaja bei kwa maneno na kuongeza nusu yake: riale 600, nusu yake 300. Mbili hizo zisipokubaliana, umesoma vibaya au mtu amechezea.

Na sasa lenyewe. Hati inasema muuzaji ameuza nyumba kwa riale 600, bei ya khiyari, muda wa miaka miwili, na atabaki ndani kwa kodi ya riale 5 kwa mwezi. Mtu akisoma 'ameuza' hurudi kwa wajukuu na habari kwamba babu aliipoteza nyumba. Sivyo. Bei ya khiyari ni mkopo uliovaa nguo ya mauzo ili usionekane una riba: muuzaji ana khiyari ya kuirudisha nyumba akirudisha fedha ndani ya muda, na kodi ndiyo faida ya mkopeshaji. Riale 5 mara miezi 12 ni 60, yaani asilimia 10 kwa mwaka. Muda ukipita bila malipo, nyumba inakwenda. Kama ilikwenda au ilirudi, upande wa mbele hauwezi kukuambia. Mgongo ndio unaojua: maandishi mawili kati ya yale manne ni ya kupokea fedha, la mwisho linasema haki imerudi kwa mwenyewe. Nyumba ilikombolewa. Ulikuwa mkopo, ukalipwa.

Siku ya 3, Jumatatu. Mipaka

Leo ni ya miguu. Unachohitaji ni futi kamba ya mita 30, nakala ya hati, penseli na mzee wa mtaa. Hati yenyewe ibaki nyumbani.

Pande nne katika hati za pwani ni kibla, suheli, matlai na maghribi. Kwa Unguja kibla ni kaskazini, suheli ni kusini kwa jina la nyota, matlai ni macheo, maghribi ni machweo. Ndugu aliyekulia Muscat, ambako kibla iko magharibi, huigeuza nyumba nzima akiisoma peke yake, na barua nyingi za mabishano kati ya Unguja na Oman zimeanzia hapo.

Mipaka ya hati yetu inasema hivi: kibla ni njia, suheli ni nyumba ya khadim wa muuzaji, matlai ni nyumba ya mwanamke ambaye jina la baba na la babu ni sawa na la muuzaji, maghribi ni nyumba ya wakfu wa mskiti. Familia zikipata hati husoma mstari wa mwenye mali na kuruka mipaka, kwa kuwa inaonekana ni mambo ya mafundi. Sisi twasema mipaka ndiyo sehemu yenye watu wengi kuliko zote. Katika mistari mitatu kuna dada ambaye shajara ya familia (mti wa ukoo) haimtaji, mwenye nyumba yake kwa jina lake, na mtu aliyetoka utumwani au aliyekuwa njiani kutoka, aliyepewa mahali pa kukaa ukuta kwa ukuta na bwana wake. Hakuna aliyekusudia kuwaandika. Waliandikwa kwa sababu ardhi lazima iishie mahali.

Upana umetajwa dhiraa 22. Dhiraa ni kiwiko hadi ncha ya kidole, kama sentimita 46, kwa hiyo takriban mita 10. Ukuta wa leo ukipimwa unatoka mita 6 na nusu. Kabla hujamshitaki jirani, hesabu vyumba. Dari za nyumba za mawe hushikwa na boriti za mikoko, na boriti haziruhusu chumba kipana zaidi ya mita 3 hivi. Chumba kimoja pamoja na unene wa ukuta wake ndiyo mita 3 na nusu zilizokosekana. Nyumba imegawanywa, chumba kimoja kimekwenda upande wa matlai, kwa dada. Tafuta ushahidi ukutani: upinde wa mlango uliozibwa, chokaa yenye rangi mbili, ngazi inayopanda na kuishia kwenye dari. Nyumba mbili zinazounganishwa na wikio juu ya njia nazo ni habari ya ukoo, maana daraja lile lilikuwa la wanawake wa jamaa moja kupitiana bila kushuka barabarani.

Makosa ya siku hii: kudhani majina ya mitaa hayajahama, kudhani 'njia' ya hati ni barabara hii pana, na kumwuliza jirani kana kwamba umekuja kudai. La mwisho hilo hufunga mlango wa mtaa mzima. Sema mapema kwamba unatafuta watu, hutafuti nyumba, na useme kweli.

Siku ya 4, Jumanne. Kilimani

Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani. Fika asubuhi na kitambulisho, barua ya kueleza unatafuta nini, penseli na karatasi nyeupe. Kalamu ya wino haiingii chumba cha kusomea. Uliza utaratibu na malipo ya kupiga picha kabla hujatoa simu mfukoni.

Kwa nini hati ya Kiarabu iwe na namba ya ofisi ya Kiingereza mgongoni? Kwa sababu ya mkopeshaji. Wakopeshaji wengi wa Unguja walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, nao walihesabiwa kuwa watu wa himaya ya Uingereza, kwa hiyo mikataba yao ilipelekwa kuandikishwa kwenye ubalozi wa Uingereza, uliokuwapo Unguja tangu 1841. Deni la babu yako likawekewa kumbukumbu na serikali ya mkopeshaji. Ukipata hiyo namba ya penseli na muhuri, umepata kitabu na ukurasa.

Namba yetu imefifia, tarakimu ya kati haisomeki. Basi tunatafuta kwa majina, na hapa uvumilivu unahitajika. Karani aliandika Kiarabu kwa masikio ya Kizungu. Andaa tahajia tatu au nne za kila jina kabla ya kuomba kitabu: Suleiman, Sleman, Seliman. Ahmed, Hamed, Hamad, ambayo ni majina mbalimbali lakini karani aliyachanganya. Tafuta jina la kwanza, si la ukoo. Tafuta pia kwa jina la mkopeshaji, na kwa kweli anza naye: alikopesha wengi, jina lake karani alilizoea na kuliandika kwa namna moja.

Upande wa miaka, usifunge mwaka wa hati tu. Wengine waliandikisha siku ileile, wengine walipotaka kukomboa, wengine walipogombana. Anza na mwaka wa hati uende mbele miaka mitano.

Siku ya 5, Jumatano. Kilimani tena

Imepatikana saa nne asubuhi, miaka miwili mbele ya tulipoanzia, iliandikwa wakati wa kukombolewa. Nakala ya kitabu ina jambo ambalo hati ya nyumbani haina: jina la wakili aliyepeleka fedha kwa niaba ya muuzaji, naye ni mume wa dada wa matlai. Ndoa moja imepatikana ndani ya risiti.

Kama kuna saa zimebaki, omba gazeti la serikali. Lilianza 1892, na ndani yake hutokea matangazo ya mirathi na minada. Ukijua mwaka wa kifo kwa kukisia, pitia toleo kwa toleo miaka miwili mbele, maana mirathi huchelewa.

Jioni lisemwe jambo la sheria, kwa kuwa kuna watu hupoteza fedha hapa. Hati ya 1893 ni ushahidi wa historia. Haimpi mtu nyumba leo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa ya serikali, majumba mengi yalitaifishwa, mashamba yakagawiwa eka tatu tatu, na haki za ardhi za sasa zinatokana na sheria zilizofuata, kubwa yake Sheria namba 12 ya 1992. Mtu anayekuahidi kwamba kwa ada fulani atairudisha nyumba kwa nguvu ya karatasi hii, mshukuru uondoke. Ukitaka kujua hali ya sasa ya jengo, ulizia Kamisheni ya Ardhi, na kwa Mji Mkongwe pia mamlaka ya uhifadhi wake. Hayo ni masuala mawili: historia ya familia na haki ya leo. Yakiwekwa faili moja, yote mawili huharibika.

Siku ya 6, Alhamisi. Wakfu

Mpaka wa maghribi ulitaja wakfu, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, kwa hiyo siku moja ni haki yake. Waingereza waliunda kamisheni ya kuzisimamia 1905, na leo kazi hiyo iko kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nenda na majina matatu ya muwekaji wakfu kama unayo, mtaa, na jina la mskiti. Bila jina la mskiti utarudishwa.

Wakfu wa khairi huenda moja kwa moja kwa mskiti au maskini. Wakfu wa dhuria ndio hazina ya mtafuta ukoo: muwekaji anataja watoto wake, watoto wa watoto wao, na wakimalizika hao, nani afuate. Katika wakfu za Unguja wa kufuata mara nyingi ni wale aliowapa uhuru na vizazi vyao, ndipo mskiti. Maana yake ni kwamba kuna familia za Unguja ambazo jina la bibi yao wa kwanza aliyetoka bara halikuandikwa popote isipokuwa kwenye wakfu wa aliyekuwa amemmiliki. Ni jambo zito kulisoma. Lisomwe taratibu, na kama ukoo wa watu hao uko hai mtaani, waambiwe kwa heshima kabla ya kuandikwa popote.

Leo haikupatikana kitu cha dada wala cha khadim. Wakfu wa maghribi ni wa khairi mtupu. Tumeandika hivyo, kwa sababu mlango uliofungwa nao huandikwa, asije mtu mwingine akapoteza siku yake.

Siku ya 7, Ijumaa. Hesabu

Ofisi zinafungwa mapema kwa sala, basi leo ni ya kalamu. Tunafungua hati ya 1345, yaani 1926 hadi 1927. Bei iko kwa rupia, na hilo ni sawa: Zanzibar iliingia kwenye shilingi 1936 tu, kwa rupia 1 kuwa shilingi 1 na nusu. Hati ya Zanzibar ikikutajia shilingi kabla ya hapo, ichunguze upya.

Warithi wa muuzaji wa zamani wanauza hisa zao. Namba ni hizi: 36, 72, 72, 36, 36, 9, 6, 14, 7, kila moja kati ya 288. Kwanza zijumlishe. Zikitoka 288, umesoma tarakimu zote sawasawa, na hakuna kipimo kizuri kuliko hiki. Ukisoma 7 badala ya 6, au 277 badala ya 288, jumla itakuambia palepale.

Kisha irudishe hesabu nyuma. 288 ni 8 mara 36. Nane ndiyo alama ya mke aliyeachwa na mume mwenye watoto: fungu lake ni thumni. Mali iliyobaki ni saba ya nane. Wana wawili na mabinti watatu, mwana akichukua mara mbili ya binti, wanatoa mafungu saba, kwa hiyo kila binti moja ya nane na kila mwana mbili ya nane. Kwa lugha ya 288: mke 36, wana 72 kila mmoja, mabinti 36 kila mmoja. Angalia mtego: mke na binti wana namba moja. Hisa peke yake haikuambii nani ni mama na nani ni binti. Lazima usome majina.

Mabinti waliopo ni wawili. 36 za binti wa tatu zimevunjika kuwa 9, 6, 14 na 7, maana yake alikufa kabla ya 1345. Tisa ni robo ya 36, fungu la mume wa mke mwenye watoto. Kumi na nne na saba ni mwana na binti yake. Sita ni sudusi, sehemu ya sita ya 36. Na sudusi hapa ni ya nani? Baba yake binti amekwisha kufa, ndiye tunayemgawa. Anayebaki ni mama yake.

Lakini mke wa marehemu ameshapata 36 zake, na jina lake si hili. Mwenye hisa 6 ni mwanamke mwingine. Ametajwa kwa jina lake na 'binti Abdalla', ubaba ambao mara nyingine walipewa wale ambao baba zao hawakujulikana na mwandishi. Hakurithi chochote kwa baba wa mtoto wake. Amerithi kwa mtoto tu. Basi hakuwa mke wa marehemu siku aliyokufa. Huenda alikuwa mtalaka, na hilo lisiachwe bila kutazamwa, lakini ubaba ule na mpangilio wa majina vinaelekea kwa suria: mwanamke aliyemzalia bwana wake, akatoka huru bwana alipokufa, asimrithi, ila akabaki na haki yake kamili kwa mwanawe. Amri ya 1897 haikuwagusa masuria, wao walisubiri hadi 1909. Watoto wao walikuwa huru tangu kuzaliwa, wakachukua nisba ya baba na fungu sawa na ndugu wa tumbo la bibi wa nyumba, ndiyo maana majina ya mama zao yalipotea kwa urahisi.

Familia nyingi zenye hati kama hii humwandika huyu mwenye 6 kuwa shahidi, au mdai mdogo, au humwacha. Namba haimruhusu mtu kumwacha. Ukimtoa, 288 haifiki.

Kabla ya kulala hesabu nzima ipelekwe kwa mtu anayejua mirathi, kadhi au mwalimu wa faraidhi, kwa namba tu bila majina. Akipata warithi walewale, vizuri. Akipata mpangilio mwingine unaotoa namba hizohizo, uandike nao.

Siku ya 8, Jumamosi. Simu na dole gumba

Asubuhi ni ya wazee wa kike, kwa sababu wanaume wa familia hizi hukumbuka mababa na nisba, wanawake hukumbuka nani alinyonyeshwa na nani. Swali lisiwe 'suria alikuwa nani'. Neno hilo linaumiza na mazungumzo yatakwisha. Uliza nani alikuwa akikaa chumba cha nyuma, nani aliitwa bibi na watoto wote ingawa hakuwa mama wa mama yao, kaburi lake liko wapi. Mchana ni wa simu ya Muscat. Waliovuka baada ya 1964 mara nyingi walibeba karatasi za mashamba na kuacha za nyumba, au kinyume chake, na nusu mbili za mkoba mmoja zimekaa bahari mbili. Watumie picha za migongo ya hati, uwaombe nao wageuze zao.

Shajara ya familia inaongezwa kwa penseli: dada wa matlai na mumewe, khadim wa suheli, na mwenye hisa 6. Kando ya kila jina andika karatasi, upande, mstari. Kwa mwenye 6 andika pia 'mama, kwa hesabu', ili anayekuja ajue ni hitimisho na si maandishi.

Kazi iliyobaki ni picha moja. Chini ya hati ya 1345, wana wawili wametia saini kwa Kiarabu. Mwenye hisa 6 ametia dole gumba, kwa wino wa zambarau, na wino huo hufa kwenye mwanga. Dirisha lifungwe, flashi izimwe, taa moja hafifu iwekwe upande wa kushoto, simu isimamishwe juu ya vitabu viwili isitikisike. Piga picha tano bila kusogeza kitu. Mistari ya kidole inaonekana vizuri zaidi katika ya tatu, pamoja na kovu dogo linaloikata upande wa juu. Kisha hati irudi ndani ya bafta, mbali na ukuta wa nje.